Kwa nini watoto wangu hukimbia kila pambano? (Mchezo wa kuigiza mezani, Goma)

Msimulizi_Himbi (Goma)

Salamu kwenu wote. Ninaendesha mchezo wa kuigiza mezani pamoja na watoto tisa wa mtaa wetu hapa Himbi, wenye umri wa miaka kumi hadi kumi na sita, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kabla giza halijaingia. Kwa wasioufahamu: mimi nasimulia ulimwengu wa kubuni, kila mtoto anashika mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea, bahati ndiyo inayoamua. Kanuni nimezipunguza kutoka toleo la tano la Dungeons & Dragons, kwa kuwa sehemu yake ya msingi iliachiwa watu wote waitumie tangu Januari 2023. Dadu ya pande ishirini hatuna, kwa hiyo tumeandika namba 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya bia ya Primus na kuvitia katika kopo la maziwa ya unga; mtoto huchota kimoja, na namba kubwa ndiyo bahati njema.

Shida yangu ni hii. Tumekaa vikao sita na hawajapigana pambano hata moja hadi mwisho. Walipokutana na majambazi barabarani, katika kikao cha kwanza, walikimbia. Walipokutana na mbwa mwitu watatu, walipanda mti wakangoja hadi asubuhi. Joka nililiandaa kwa wiki mbili, nikachora hata pango lake, lakini kabla sijamaliza kueleza moshi unaotoka mlimani walikuwa wameshafunga mizigo. Kuna msichana wa miaka kumi na miwili ambaye, wenzake walipoandika upanga, ngao na kamba kwenye karatasi zao za vifaa, yeye aliandika sufuria, blanketi mbili, bidoni ya lita tano, redio ndogo na cheti cha kuzaliwa. Nilimuuliza shujaa wa msituni anakipeleka wapi cheti cha kuzaliwa. Aliniangalia kama mtu asiyejua mambo ya kawaida, kisha akaendelea kuandika.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie: kosa ni langu, ni la kanuni, au ndivyo watoto wetu walivyo?

Mama_Ndosho (Goma)

Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, anga lilipokuwa jekundu, mwanangu alikuwa na miaka saba. Siku tano baadaye, matetemeko yakiwa bado hayajakoma, tukaamriwa kuondoka, na tukatembea hadi Sake, zaidi ya kilomita ishirini, yeye akiwa amebeba sufuria kichwani kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa. Baada ya hapo kuna mengine ambayo sote tunayajua na sina haja ya kuyahesabu hapa. Mtoto wa aina hiyo unamwambia kwamba moshi unatoka mlimani, kisha unashangaa anafunga mizigo? Hilo siyo joka, hilo ni Nyiragongo, volkano yetu. Na huyo binti wa cheti ndiye mwenye akili kuliko wote mezani pako, kwa maana sisi tuliosahau karatasi zetu tunajua ilitugharimu nini kuzipata upya.

Kamalondo_Dadu (Lubumbashi)

Namheshimu Mama, na pole kwa yaliyowapata, lakini maelezo yake hayanitoshi. Sisi huku Lubumbashi hatuna volkano, na watoto wangu saba hukimbia vilevile.

Mimi naona ni hesabu tu. Katika toleo la tano mbwa mwitu mmoja ana uhai 11, na akiuma anaondoa 7 kwa wastani. Mhusika wa daraja la kwanza aliyesomea uganga wa vitabuni anaanza na uhai 6, akiongezewa kidogo kama mwili wake ni imara. Kwa maneno mengine, akiumwa mara moja tu huenda akawa ameanguka chini, na wewe ulileta mbwa mwitu watatu. Watoto wako wamepiga hesabu vizuri kuliko mwendeshaji wao. Wapandishe hadi daraja la tatu, kisha uwaletee mbwa mwitu haohao, ndipo utakapoona.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Kabla ya kuwapandisha daraja, tuulize kwanza wanalipwa kwa kufanya nini, kwa kuwa mtoto hufuata njia yenye malipo kama mbuzi anavyofuata chumvi. Mchezo huu ulipotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974, pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika daraja, zilitokana na hazina uliyofanikiwa kutoka nayo: kipande kimoja cha dhahabu kilikuwa pointi moja, na kuua kulileta kidogo sana. Mchezaji hodari wa zamani alikuwa mwizi mwenye subira, siyo askari. Anaingia, anachukua, anatoka, na zimwi linaamka akiwa ameshafika mbali. Matoleo ya baadaye yaliacha dhahabu na kulipa zaidi kwa kuwashinda maadui. Basi, Msimulizi, wewe unalipa nini?

Msimulizi_Himbi (Goma)

Ahsanteni. Mwalimu, nalipa sawasawa kwa kila aliyehudhuria, ili wasigombane. Wakimbie wasikimbie, wanapanda daraja pamoja.

Kamalondo, sina hata mhusika mmoja wa aina hiyo uliyoitaja. Neno lake la Kiswahili nililiogopa, nikaifuta aina yote.

Kadutu_Msomaji (Bukavu)

Hapo kwenye neno umegusa jambo kubwa, na niruhusiwe kulieleza kidogo. Mimi nililitafsiri bila kufikiri, nikaandika “mchawi” kwenye karatasi ya msichana mmoja wa kundi langu. Alirudi nyumbani akamwambia bibi yake, kwa furaha kabisa, kwamba amekuwa mchawi wa daraja la pili. Kesho yake baba mzazi alikuwa mlangoni kwangu pamoja na wazee wawili wa kanisa lao. Huko mchezo ulikozaliwa neno hilo ni la hadithi tu. Kwetu ni neno linalomtoa mtoto nyumbani akalala sokoni, na ndiyo sababu Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Nilieleza kwa saa mbili nzima, nikaonyesha karatasi, vizibo na kila kitu. Sasa tunasema “mjuzi wa nyota”, na wazazi wametulia.

Nalileta hapa kwa sababu moja. Msichana yule alipokuwa na jina la kwanza alikimbia kila pambano, tena mbele ya wenzake. Alipokuwa mjuzi wa nyota alianza kusimama. Sina maelezo mengine isipokuwa kwamba mtoto huigiza jina alilopewa. Msimulizi, mashujaa wako wanaitwaje?

Msimulizi_Himbi (Goma)

Walijichagulia wenyewe. Watatu wana majina ya wachezaji wa mpira, mmoja anaitwa Radi, mwingine Chukudu, kama baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Binti wa cheti anaitwa kwa jina lake mwenyewe la nyumbani, na alikataa kulibadili.

Fundi_wa_Hesabu (Lubumbashi)

Nimesoma yote, na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la msingi. Kizibo kikishachotwa, kinarudishwa ndani ya kopo kabla ya mtoto anayefuata kuchota, au kinawekwa pembeni?

(Na swali la pili, la udadisi tu: hizo Primus ishirini alizinywa nani?)

Msimulizi_Himbi (Goma)

Tunakiweka pembeni hadi kopo liishe, kisha tunavirudisha vyote. Watoto wenyewe walitaka iwe hivyo, kwa sababu mmoja alichota 2 mara tatu mfululizo akalia.

Primus ni za harusi ya jirani. Naomba tuendelee.

Fundi_wa_Hesabu (Lubumbashi)

Basi tatizo tumelipata, na tunaweza kuiacha volkano ipumzike.

Dadu haina kumbukumbu, lakini kopo lako linayo. Likijaa, wastani wa kuchota ni 10.5, na nafasi ya kupata 15 au zaidi ni sita katika ishirini, yaani asilimia 30. Sasa tuseme mwanzoni mwa kikao, wakati wa kupanda ukuta na kumshawishi mlinzi wa lango, watoto walishachota 18, 19 na 20. Vimebaki vizibo 17, wastani umeshuka hadi 9, na nafasi ya kupata 15 au zaidi ni tatu katika kumi na saba, ambayo haifiki asilimia 18. Vizibo vilivyotoka viko mezani mbele ya macho yao, na watoto waliokulia kwenye karata wanahesabu kilichotoka bila hata kujua kwamba wanahesabu. Kwa hiyo wanakimbia, wanamaliza vizibo vibaya kwenye mambo madogomadogo, kisha kopo linajaa upya. Huo siyo woga hata kidogo.

Dawa ni kurudisha kizibo kila mara na kutikisa kopo. Asiye na vizibo achukue karata za namba 1 hadi 10 za kopa na za shupaza, nyekundu zisomwe kama zilivyo na nyeusi ziongezwe kumi, naye achanganye kila baada ya kuchota. Ila asijaribu dadu za ludo kwa kujumlisha, kwa sababu dadu mbili hutoa 7 mara sita katika 36 na 12 mara moja tu, na mchezo unakuwa mwingine kabisa.

Mama_Ndosho (Goma)

Fundi, hesabu yako ni nzuri, lakini ina tundu ambalo hata chukudu litapita. Msimulizi amesema walikimbia majambazi katika kikao cha kwanza, na walikimbia joka kabla hajamaliza hata kusimulia. Kopo lilikuwa limejaa. Je, sufuria nayo iliandikwa kwa sababu ya wastani wa 9?

Fundi_wa_Hesabu (Lubumbashi)

Sufuria siwezi kuieleza, nakubali. Mbwa mwitu naweza.

Kijana_Bagira (Bukavu)

Samahani wakubwa, mimi naona tunawafundisha watoto ushujaa wa kizungu. Joka lenye mbawa linalolalia dhahabu haliwahusu. Wapeni hadithi zetu na hawatakimbia. Mwindo, shujaa wa Walega, hakukimbia kitu chochote: alizaliwa akitembea na kusema, akapigana na baba yake mzazi, akashuka kuzimu, akaliua joka. Mtoto akiambiwa kwamba yeye ni Mwindo, atasimama.

Mwana_Walikale (Goma)

Mdogo wangu, rekebisha kwanza: Walega wana mashujaa wao, lakini Mwindo huyo unayemsimulia ni wa Wanyanga wa Walikale. Masimulizi yake yanayojulikana zaidi yaliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Rureke, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakayachapisha mwaka 1969. Tena Rureke hakuyasema akiwa amekaa kimya kama sisi hapa. Alicheza na kuimba kwa siku nyingi, huku wenzake wakimpigia na kumwitikia, jambo ambalo mwendeshaji yeyote wa mezani angelielewa mara moja.

Pili, umelitaja joka bila kusema yaliyofuata. Kirimu, lenye vichwa saba, liliwameza Wambuti watatu waliokuwa wakimwindia Mwindo, naye akaenda akaliua. Lakini Kirimu alikuwa amechanjana damu na Nkuba, yaani Radi. Nkuba alimnyakua Mwindo na kumpeleka juu, akakaa huko mwaka mzima akipata mateso kwa Nkuba, kwa Mvua, kwa Mwezi na kwa Jua, na hakurudishwa mpaka alipokatazwa kuua mnyama tena. Kwa hiyo ukitaka kuwaletea watoto Mwindo, walete mzima. Kwetu kuua joka siyo mwisho wa mchezo, kwa sababu joka lina ndugu zake, nao watakuja kuuliza. Watoto waliolelewa na bibi waliosikia mambo hayo wanaweza kukimbia kwa sababu hiyohiyo: wanataka kwanza kujua joka limechanjana na nani.

Kijana_Bagira (Bukavu)

Nimekubali kuhusu Wanyanga, ahsante. Lakini hata hivyo, Mwindo alikwenda. Hakupanda mti.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Mimi nami najirekebisha kabla ya mwingine kunirekebisha. Nilisema kwamba mwaka 1974 kuua kulileta kidogo. Siyo sahihi kwa vitabu vya kwanza kabisa, ambamo kila daraja la adui lilikuwa na thamani ya pointi 100, hata zimwi la daraja la saba likaleta 700. Ni nyongeza ya mwaka 1975 ndiyo iliyopunguza. Hata hivyo mfano uliotolewa katika vitabu hivyo vya kwanza unaniunga mkono, kwa kuwa zimwi hilohilo lililoleta 700 lilikuwa likilinda dhahabu 7,000, na kwa hiyo sehemu kumi katika kumi na moja za malipo bado zilikuwa hazina.

Radi_wa_Himbi (Goma)

Shikamooni. Mimi nina miaka kumi na sita na ndiye Radi aliyetajwa juu. Kaka Msimulizi hajui kwamba nimejiunga hapa, au sasa anajua.

Naomba niseme jambo ambalo wakubwa hamkuliuliza. Tuko tisa. Pambano likianza, kila mmoja anangoja zamu yake, na wadogo hawajui waseme nini, kwa hiyo Kaka anawaeleza upya kanuni za upanga, kisha anahesabu uhai wa mbwa mwitu kwenye daftari, kisha anafuta. Siku moja nilipima kwa simu: kutoka zamu yangu hadi zamu yangu nyingine zilipita dakika kumi na tisa, nami nilipopata zamu nilichota 4. Tukikimbia hatuna zamu. Sote tunasema pamoja, mmoja anafunga kamba, mwingine anafuta nyayo, mdogo wa Chukudu anabebwa mgongoni, na inachekesha. Kukimbia ndiyo sehemu ya mchezo tunayocheza sote kwa wakati mmoja.

Kuhusu vizibo, Fundi amesema kweli kwa watu wawili kati yetu. Sitawataja.

Kamalondo_Dadu (Lubumbashi)

Dakika kumi na tisa! Mimi ningekimbia hata nyumba yenyewe. Kundi la tisa likatwe vipande viwili leo hii. Meza ya watoto wanne au watano inatosha.

Kadutu_Msomaji (Bukavu)

Kijana Radi amesema vizuri, lakini asituondoe kwa Mama Ndosho haraka hivyo. Katika kundi langu nina kadi moja yenye alama ya X katikati ya meza, desturi ambayo John Stavropoulos aliipendekeza kwa michezo ya namna hii. Mtoto akiigusa, tunaruka tulichokuwa tunakisimulia, bila kumuuliza sababu. Katika mwaka mzima imeguswa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale niliposimulia kijiji kinachoungua. Mara ya pili sikutegemea: nilisema kwamba askari wa mfalme wanagonga mlango usiku, nao katika hadithi yangu walikuwa askari wazuri waliokuja kuleta habari njema. Msimulizi, jaribu kadi hiyo. Wakikimbia bila kuigusa, labda wanafurahia kukimbia kama Radi anavyosema. Wakiigusa, utakuwa umejua jambo lingine.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Ongeza na hili: mbona ni wao tu wanaokimbia? Katika toleo la msingi la mwaka 1981 kila adui alikuwa na kipimo cha moyo, kutoka 2 hadi 12. Mwenzao wa kwanza akianguka, au nusu yao wakiishaondolewa, mwendeshaji alitupa dadu mbili za kawaida, na jumla ikizidi kipimo hicho, maadui walitoroka au walisalimu amri. Mbwa mwitu wako wanapigana hadi kufa kwa sababu gani? Mbwa mwitu wa kweli hawana mshahara.

Msimulizi_Himbi (Goma)

Narudi na taarifa baada ya vikao viwili, kama ilivyo haki yenu.

Nimeligawa kundi: watano wanacheza Jumamosi, wanne Jumapili baada ya misa. Vizibo vinarudishwa kila mara. Kadi ya X ipo mezani na hadi sasa haijaguswa. Moshi nimeuondoa, na joka sasa liko ziwani, upande wa Idjwi. Mbwa mwitu nimewapa kipimo cha moyo cha 7.

Kundi la Jumamosi lilipigana. Pambano lote lilichukua dakika ishirini na tano, mbwa mwitu mmoja akaanguka, nikatupa dadu mbili za ludo, zikatoa 9, na wawili waliobaki wakakimbia. Nilidhani watoto watafurahi. Walikasirika sana, wakasema nimewaletea mbwa mwitu waoga.

Kundi la Jumapili, lenye kanuni zilezile na kopo lilelile, lilipanda mti.

Fundi_wa_Hesabu (Lubumbashi)

Makundi mawili, kikao kimoja kimoja, na umebadilisha mambo matano kwa mkupuo. Hapo hakuna anayeweza kujua kilichofanya kazi.

Mama_Ndosho (Goma)

Binti wa cheti yuko kundi gani?

Msimulizi_Himbi (Goma)

Yuko Jumamosi, Mama. Alipigana. Alisimama nyuma ya wenzake akilinda mizigo kwa fimbo, lakini kwanza alitangaza kwamba anakitia cheti ndani ya sufuria na kufunika kifuniko, tena akataka niandike.

Fundi, nimekuelewa, wiki ijayo nitabadilisha jambo moja tu. Ila kuna taarifa nyingine. Tulipofunga jana tulihesabu vizibo mara tatu, na vipo kumi na tisa. Kinachokosekana ni namba 20.

Radi_wa_Himbi (Goma)

Mimi nacheza Jumapili.